Dakika Hamsini na Mbili za Mzee Wetu: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Tamasha la Vitabu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi,
Unguja.

YAH: MAHOJIANO YA VIDEO YA WAANDISHI WETU

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Ya pili ilikuja kwa barua pepe. Ya tatu nilimtumia mjumbe mmoja kwa WhatsApp, nikaziona zile tiki mbili zikigeuka buluu, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa adabu zetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Mimi nimeshindwa kuondoka. Nimerudi nyuma hatua mbili, nikakaa barazani, na nitasema kutoka hapa huku wapita njia wakisikia. Mniwie radhi.

Sitalitaja tamasha kwa jina, wala kampuni ya video, wala mtu yeyote. Mnajijua. Wala sitaki tamasha life. Ningelitaka life nisingelivuka bahari mara nne kwa nauli yangu mwenyewe.

Kwa msionikumbuka, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Chake Chake, Pemba. Kwa matamasha manne nimekuwa mhoji wa kujitolea kwenye ile mnayoiita kona ya waandishi. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza: unasoma kitabu, unakaa na aliyekiandika mbele ya kamera, unamuuliza. Sikulipwa na silalamikii hilo. Biriani la siku ya mwisho lilikuwa zuri kila mwaka.

Ninalolalamikia linaanza na mzee mmoja.

Alikuwa mshairi wa Kojani, kisiwa kidogo ubavuni mwa Pemba, mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi za kuvua mbali na kwao, tangu utotoni, mtu wa miaka sabini na kitu. Kitabu chake kilikuwa kimoja, chembamba, kilichopigwa chapa kwa michango ya jamaa. Mlimwalika nyinyi, na kwa hilo nawashukuru hadi leo. Nilisafiri naye kwa boti kutoka Mkoani, njia nzima kakaa nje nyuma, anaitazama bahari kama mtu anayesoma gazeti la jana.

Ratiba ilitaka tumhoji mbele ya bango la wadhamini, hatua kumi kutoka jukwaani. Nikaomba chumba. Tukapewa kimoja ghorofani, nyumba ya Mji Mkongwe, dirisha moja la kutazama kichochoroni. Kijana wa kamera, hodari kweli, akaizima feni kwa sababu mlio wake ulikuwa unaingia kwenye maiki. Haikufika dakika kumi kanzu ya mzee ilikuwa imegandana na mgongo. Hakulalamika. Alikishika kile kimaiki kilichobanwa kifuani, akaniuliza: "Hichi kidudu ndicho kinachosikiliza, au wewe?" Nikamwambia sote wawili.

Katika shairi lake moja kuna mstari unaotaja maleleji, ule wakati wa pepo kubadilika, kusi imekwisha na kaskazi haijaja, au kinyume chake. Pana neno jengine la wakati huo huo: tangambili. Yote mawili yana mizani nne, na pale lilipo neno si mahali pa kina. Kwa hiyo ile kauli ambayo wanafunzi wangu huiandika kwa mazoea, kwamba "mshairi ametumia neno hili ili kupata urari wa vina na mizani", haina kazi hapo. Nikamuuliza: kwa nini maleleji?

Akasema: "Tangambili ni neno la nahodha. Nahodha anatazama tanga lake. Mimi nimeandika habari za mwanamke aliyekaa pwani anamngojea mtu. Huyo hana tanga. Yeye anaiona bahari imelala tu, hajui upepo utatoka wapi."

Nilidhani jawabu limekwisha. Ikaadhiniwa alasiri, misikiti miwili mitatu kwa pamoja kama ilivyo Mji Mkongwe. Mzee akanyanyua kidole, akanyamaza. Kijana wa kamera akanitazama kama azime, nikamtikisia kichwa aache. Tukakaa hivyo, jasho linatutoka, adhana zikimalizana moja baada ya moja. Kisha mzee, bila ya kuulizwa, akasema: "Neno lenyewe nimelichukua kinywani mwa mama. Baba yangu alikwenda dago hakurudi."

Nimelisomesha shairi lile miaka sita. Sikuwahi kujua kwamba yule mwanamke wa pwani ni mama yake.

Baada ya hapo aliimba beti ambazo hazimo kitabuni, kwa mahadhi ambayo mimi siwezi kuyaandika. Kamera ilipozimwa saa yake ilionyesha dakika hamsini na mbili.

Baada ya mwezi mmoja mkatoa klipu. Sekunde arobaini na mbili. Ngoma juu, mdomo wa mzee unacheza, sauti yake inasikika mahali pamoja tu akisema "nimefurahi kuwa hapa", halafu nembo ya mdhamini. Mwaka uliofuata, katika kusi, mzee akafariki. Binti yake alinifuata skuli, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu mpaka kipindi kikaisha, akaniuliza kama ile sauti ya baba ipo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaandikia. Nilichopata kwa mdomo ni hiki: ofisi inasema mafaili yako kwa kampuni ya video. Kampuni inasema ilikabidhi kila kitu ofisini. Na mtu mmoja aliyekuwepo aliniambia pembeni kwamba memori kadi zilifutwa usiku ule ule kwa sababu asubuhi kulikuwa na kazi ya harusi. Sijui nani kasema kweli. Ndiyo maana nataka jawabu la maandishi.

Sasa niyapange malalamiko yangu, maana najua katika kikao mtu atauliza "hasa anataka nini huyu mwalimu".

1. Mnahifadhi tangazo na kulitupa jambo lenyewe.

Klipu ya sekunde arobaini ni ubao wa dukani. Mahojiano kamili ndiyo bidhaa. Kila mwaka mnakusanya chini ya paa moja watu ambao kuwakusanya tena ni bahati, mnawakalisha mbele ya kamera nzuri, na kisha kinachobaki ni kile kinachofaa kuonyeshwa wadhamini.

Nimesikia kwamba tatizo ni nafasi ya kuhifadhi. Tuhesabu basi. Video ya 1080 ikirekodiwa kwa megabiti 25 kwa sekunde hula kama gigabaiti 11 kwa saa. Mahojiano 20 ya nusu saa ni saa 10, yaani gigabaiti 112 hivi. Diski ya nje ya terabaiti 1, ambayo haizidi ukubwa wa kitabu cha dua, ingemeza matamasha manane na nafasi ikabaki. Sisemi diski ni bure. Nasema lile bango la mlangoni, lenye mwaka mkubwa ulioandikwa ubavuni ili lisiweze kutumika tena, sidhani kama lilikuwa rahisi kuliko diski.

Na diski moja haitoshi. Watu wa kuhifadhi kumbukumbu wana desturi yao: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae jengo jengine kabisa. Sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kuelezwa sababu. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilisimama tangu 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Pana Nyaraka za Taifa pale Kilimani, pana Chuo Kikuu cha Taifa, pana maktaba Unguja na hapa Chake. Kuna mmoja wao aliyewahi kuombwa kuweka nakala? Niliuliza kwenye barua ya pili.

Wenzetu wanafanya. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianzisha tamasha la vitabu la taifa mwaka 2001, na mazungumzo ya waandishi yaliyorekodiwa huko unayapata mtandaoni bure, marefu kama yalivyokuwa. Denmark kuna jumba la sanaa liitwalo Louisiana, lina tamasha lake la fasihi, na tangu 2012 wana chaneli ya mahojiano na waandishi na wasanii. Na si lazima tutazame mbali. Mwaka 1973 Zanzibar iliwasha televisheni ya rangi, wakati Bara watu walingoja mpaka miaka ya tisini kupata televisheni ya aina yoyote. Hatukuwa wageni wa kamera sisi.

2. Wanaohoji hawajasoma.

Hili linaniuma kuliko la diski, na nitalisema taratibu kwa sababu baadhi yao ni vijana wangu, nimewasomesha.

Mwaka juzi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera wakati mwandishi mmoja, mzaliwa wa Ng'ambo ya hapo hapo mjini Unguja, aliyekulia huko huko, alipoulizwa: "Unajisikiaje kuwa Zanzibar?" Aliangalia kushoto na kulia kama anayetafuta mgeni aliyekusudiwa. Akajibu kwa upole kwamba anajisikia vizuri. Swali la pili: "Una ujumbe gani kwa vijana?" La tatu: "Changamoto zipi unakutana nazo?" Kwisha. Dakika tatu. Maswali hayo unaweza kumuuliza muuza urojo, dereva wa daladala au mchezaji mpira, na majibu yatakuwa yale yale.

Mwandishi hajibu vizuri mpaka aone kwamba aliye mbele yake amefungua kitabu. Ukimuuliza kuhusu neno moja katika ukurasa mmoja, anakaa sawa kitini, uso unabadilika. Ukimuuliza kuhusu "fasihi kwa ujumla", anakupa hotuba aliyokwisha kuitoa mahali pengine. Mhoji mzuri huja na maswali kumi na kuuliza manne. Haitikii "eeh, sawa kabisa, sawa kabisa" kila baada ya sentensi, maana sauti yake inaingia juu ya ya mwenziwe na mhariri hana tena pa kukata. Na anajua kunyamaza. Kama adhana isingeninyamazisha siku ile, ningelikwenda swali la tano, na yale maneno ya mama yangelizikwa na mzee.

Na kwa wahoji wanaopenda kuonekana: katika video nyingi za wale wa Denmark mhoji humuoni wala humsikii. Yuko mwandishi tu, ukuta nyuma yake, anazungumza. Kazi ya mhoji imefanyika kabla.

Nilipendekeza kwamba kila mhoji apewe kitabu mwezi mmoja kabla. Nikajibiwa kwamba orodha ya waandishi hukamilika wiki moja kabla ya tamasha. Basi hilo nalo liandikwe kwenye malalamiko.

3. Mahali pa kurekodia.

Fupi. Pembeni ya spika za jukwaa si mahali. Ufukweni kwenye upepo, maiki haina hata kile kisponji chake, si mahali. Jua la saa saba mchana likimpiga mtu usoni anafumba macho video nzima. Picha yenye giza kidogo mtu ataivumilia. Maneno yasiyosikika hayana msaada wowote. Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu, mlango ufungwe, mwandishi akae ubavu wa dirisha, simu zizimwe. Mmoja avae vyombo vya masikioni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asikilize kile ambacho kamera inasikia. Mara mbili nimeona watu wakirekodi nusu saa nzima na maiki haijawashwa. Mara ya pili mwandishi alikuwa amepanda ndege jioni ile ile.

4. Kiswahili kimefanywa mgeni kwenye nyumba yake.

Bibi mmoja, mwandishi wa hadithi za watoto, alitakiwa kwenye kona ile ajibu kwa Kiingereza "ili wafadhili nao wafaidike". Nilikuwepo. Mama yule ana ulimi wa kuchekesha maiti, lakini mbele ya kamera aligeuka mtoto wa darasa la nne anayetafuta maneno mfukoni. Ile video mnayo, hiyo hamkuifuta.

Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. UNESCO imeipa lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai. Kila mwaka tunavaa fulana na kuandamana. Halafu katika tamasha la vitabu, Mji Mkongwe, mwandishi wa Kiswahili anafanywa aombe radhi kwa lugha yake! Mfadhili asiyejua Kiswahili awekewe maandishi ya chini. Wanafunzi wangu wawili wa kidato cha sita wanaweza kutafsiri mahojiano ya nusu saa kwa siku mbili, na watafurahi kuona majina yao mwishoni.

Kuna na la pili ndani ya hili. Mzee wetu alizungumza Kipemba, na aliyehariri alisema "lafudhi nzito, watu hawataelewa". Watu gani? Sisi tunaelewa. Na kama kuna neno halieleweki Tabora au Kisumu, hapo ndipo lilipo na thamani ya kuhifadhiwa.

5. Ridhaa na haki.

Hakuna mwandishi hata mmoja niliyemhoji aliyepewa karatasi ya kusaini. Hakuna aliyeambiwa video itatumika wapi, kwa muda gani, au kama uso wake utatangaza bidhaa ya mdhamini. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki, ipo hapo hapo mjini. Shairi likisomwa mbele ya kamera halibadilishi mmiliki. Karatasi moja, ya Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kwa asiyeona vizuri. Mzee wetu hakuulizwa kama anataka ngoma juu ya maneno yake. Angelikataa, namjua.

6. Pemba.

Mliahidi, kwenye hotuba ya ufunguzi, kwamba mahojiano yote yatawekwa kwenye flashi na kupelekwa skuli za visiwa vyote viwili. Nilipiga makofi. Nimekwisha kuuliza skuli nne hapa, Chake, Wete na Mkoani. Hakuna flashi.

Naomba mwelewe kwa nini flashi na si kiungo cha mtandaoni. Skuli yangu ina projekta moja na kompyuta mbili. Kifurushi cha intaneti nanunua mimi. Tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi, darasa zima tulijikusanya kwenye simu yangu kumtafuta. Tukamkuta akihojiwa huko Ulaya, kwa Kiingereza, na kifurushi kikaisha katikati ya sentensi. Wanafunzi walifurahi hata hivyo, mmoja alisema, "Kumbe anacheka kama mjomba wangu." Hicho ndicho mtoto anachokipata kwenye video na asichokipata kwenye kitabu: kwamba mwandishi ni mtu, ana mcheko, huenda ametoka mtaa wa pili.

Washairi wetu wa zamani wa Pemba, Kamange na Sarahani, tunawasoma leo kwa sababu watu walizitunza tungo zao mpaka zikaja kuchapishwa kitabu kizima mwaka 2011. Sauti zao hatunazo, na hakuna wa kumlaumu. Mzee wa Kojani alirekodiwa kwa kamera mbili.

Sasa majibu ninayoyatarajia, maana mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema hakuna bajeti. Nimeshafanya hesabu ya diski. Kuhusu wahoji, mimi na walimu wenzangu watatu tuko tayari kuja tena bure, mkitupa vitabu mapema. Hata vya kuazima, tutarudisha.

Mtasema vijana wa leo hawatazami video ndefu. Huenda. Toeni fupi za vijana, siwazuii, mimi mwenyewe nazitazama. Lakini fupi hukatwa kutoka kwenye ndefu. Ukiifuta ndefu, mwakani ukitaka kukata fupi nyengine utaikata wapi?

Mtasema hilo ni jukumu la kampuni ya video kwa mujibu wa mkataba. Kama mkataba hausemi mafaili ghafi ni ya nani na yakabidhiwe lini, basi aliyeuandika ni nani? Kampuni imeitwa kurekodi kama inavyorekodi harusi, nayo ikafanya kama harusi. Mimi siigombi kampuni.

Na kuna atakayesema, kwa sauti ya chini, kwamba huyu ni mtu wa kujitolea tu na anataka umaarufu. Kwa huyo sina jibu. Anione tukutane.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Jawabu la maandishi ndani ya siku thelathini kuhusu yaliko mahojiano ya matamasha yote manne: yapi yapo, yapi yamepotea, na yalipoteaje. Hata kama jawabu ni "yamefutwa", liandikwe.

(b) Diski zote na memori kadi zilizobaki zisiguswe mpaka mtu anayejua kazi azitazame. Faili lililofutwa mara nyengine hurudishika kama kadi haijaandikwa juu yake. Kila siku kadi ile inapopelekwa kwenye harusi nyengine, uwezekano unapungua.

(c) Kuanzia tamasha lijalo: chumba kimoja kilicho kimya, wahoji waliosoma, karatasi ya ridhaa, mwandishi achague lugha yake, na mahojiano kamili yahifadhiwe kwa nakala tatu, moja ya Pemba.

(d) Kila mwandishi, au warithi wake, apate nakala yake bila ya kuomba.

(e) Ile klipu ya sekunde arobaini na mbili ishushwe, au iondolewe ngoma.

Nina daftari. Usiku ule, kabla ya kulala, niliandika kila nililolikumbuka kutoka kwa mzee, ndiyo maana nimeweza kuwanukulia hapa. Nimelisoma daftari hilo darasani. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, hodari wa kuuliza, akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutajuaje kama kasema hivyo kweli?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwambia ilirekodiwa. Akauliza: "Iko wapi?"

Na beti alizoimba sikuweza kuziandika. Nilikuwa nikisikiliza.

Mkiipata, msiitume kwa kiungo. Binti yake anatumia simu ya kitochi. Itieni kwenye flashi, mpeni mtu yeyote anayepanda boti ya Mkoani, nitaipokea bandarini na kuvuka nayo Kojani mwenyewe. Nyumba naijua.

Wenu,

Mwalimu wa Kiswahili na mhoji wenu wa kujitolea,
Chake Chake, Pemba.